Vijana wa kompyuta wajifunze vitu, wasikariri majina

Mwezi uliopita, katika nyumba moja ya vyumba sita hapa Magomeni Mapipa, palizuka ugomvi wa umeme. Nyumba yenyewe ni ya mtindo ambao kila mkazi wa Dar es Salaam anaujua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua wa nyuma wa kupikia na kufulia, na mita moja tu ya LUKU iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya wote. Yuniti zilikuwa zikiisha kabla ya siku zilizotarajiwa, na kila mpangaji akawa anamtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Mama wa chumba cha mbele alishukiwa kwa sababu ya friji yake anayogandishia barafu za kuuza. Fundi cherehani alishukiwa kwa sababu ya pasi. Mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta katika chuo kimoja cha hapa jijini, alishukiwa kwa sababu taa ya chumba chake haizimwi kabla ya saa nane usiku.

Kijana huyu alinijia Jumapili, akaniamkia, na kabla hajakaa vizuri akasema, "Mjomba, ugomvi huu nitaumaliza kwa programu." Nilicheka. Lakini kazi aliyoifanya katika majuma matatu yaliyofuata, pamoja na makosa yake yote, imenionyesha jambo kuhusu elimu yetu ambalo naona si haki kulinyamazia, hasa kwa kuwa wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ni walimu na watumishi wa umma, nao ndio wenye dawa yake mikononi.

Somo analolisoma muhula huu ni uhandisi wa programu kwa njia ya vitu. Msomaji asiogope jina hilo. Kwa njia ya zamani, programu ya kompyuta ni orodha ndefu ya maagizo: fanya hili, kisha lile, ukikuta hivi rudi kule. Kwa njia ya vitu, programu ni mfano wa jamii ndogo. Kila kitu ndani yake kina habari zake kinazozitunza chenyewe na kazi zake kinazozijua, na kinapohitaji jambo lililo kwa mwenzake hutuma ujumbe na kungoja jibu. Mifumo mingi mikubwa ya kompyuta tunayoitumia leo imejengwa kwa njia hiyo, na ni vigumu kukipata chuo cha kompyuta kisichoifundisha.

Mimi mwenyewe nililisoma somo hili kwa muhula mmoja nilipokuwa mwanafunzi, ingawa fani yangu ilikuwa nyingine. Chuo sikitaji. Mhadhiri aliingia na makaratasi yake, akatuandikia ubaoni maneno manne makubwa ya Kiingereza pamoja na maana zake, nasi tukayanakili. Mifano tuliyopewa ilikuwa miwili: lifti ya jengo la ghorofa arobaini, na mashine ya kutolea fedha ya benki ya ng'ambo. Katika darasa lile sidhani kama walikuwapo kumi waliokwisha kupanda lifti zaidi ya mara mbili. Mtihani ulipokuja tuliulizwa maana za maneno yale manne, tukazitoa kama tulivyozipokea, na nikapata alama nzuri. Nasema kweli, siku niliyotoka katika chumba kile cha mtihani nisingeweza kuandika hata programu ya kuhesabu kuku wa nyumbani.

Basi nilipomwona mpwa wangu na daftari lake nilitambua mara moja yale yale maneno manne, na ile ile lifti. Miaka imepita, lifti bado inapanda na kushuka.

Programu yake ya kwanza ilikuwa orodha ndefu ya maagizo. Kama ni chumba cha kwanza, toza kiasi hiki kwa sababu ya friji. Kama ni cha pili, toza kiasi kile kwa sababu ya pasi. Na kuendelea hadi cha sita. Ilifanya kazi kwa siku nane. Siku ya tisa fundi cherehani alihamia Manzese, na chumba chake kikachukuliwa na binti mmoja mwenye jiko la umeme. Kijana alilazimika kubadili maagizo katika sehemu kumi na moja. Alizibadili kumi, moja ikamponyoka, na mwisho wa juma programu ikamdai fundi aliyekwisha kuondoka pesa za pasi ambayo haipo. Nyumba nzima ilicheka, isipokuwa yeye.

Hapo ndipo somo lilipoanza, kwani uhandisi wa programu ulizaliwa kutokana na aibu za namna hiyo. Jina hilo lilitiwa nguvu katika mkutano uliofanyika Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, wakati nchi zilizoendelea zilipokiri kwamba programu zao kubwa zilikuwa zikichelewa, zikigharimu kupita kiasi na kuvunjika zinapoguswa. Kuandika programu inayofanya kazi leo si jambo gumu sana. Kazi ya mhandisi ni kuandika programu ambayo mpangaji mmoja akihama na mwingine akaingia, pabadilike mahali pamoja tu.

Nilimwambia aache kitabu kwa siku moja, aitazame nyumba anayokaa. Katika nyumba ya kupanga hakuna anayeingia chumbani kwa mwenzake akachota chumvi. Husimama mlangoni, akapiga hodi, akaomba, na mwenyewe akaingia ndani na kuitoa. Chumvi imewekwa kwenye kopo au kwenye karatasi, iko juu ya kabati au chini ya kitanda, hayo si ya mwombaji. Mwenye chumba akihamisha kopo kesho, mwombaji hapotezi kitu, maana yeye alichokuwa anakijua ni mlango na hodi. Hilo ndilo neno la kwanza kati ya yale manne. Kwa Kiswahili safi ni kusitiri. Kitu husitiri mambo yake ya ndani, na wengine hukijua kwa yale kinayokubali kuombwa.

Mtumishi wa umma atalielewa hili kwa haraka kuliko mwanafunzi yeyote, maana ameliishi masjala. Ofisa hachomoi folio jaladani na kuondoka nayo. Huomba jalada, likaandikwa limekwenda kwa nani na lini, likarudi. Jalada lina namba yake, lina historia yake, linafunguliwa, linahamishwa, linafungwa. Na likikosekana hufunguliwa jalada la muda mpaka lile la asili lipatikane, kisha yaunganishwe. Karani wa masjala mwenye uzoefu wa miaka ishirini ni mwalimu wa somo hili bila kujua kuwa ni mwalimu. Sijawahi kusikia chuo kilichomwalika.

Neno la pili ni aina, ambalo vijana huliita klasi. Kutoka dirisha la nyumba ile unayaona majengo ya Magomeni Kota, yenye makazi ya kaya 644, yaliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022. Michoro ya makazi hayo ni michache, makazi yenyewe ni 644. Hakuna anayelala ndani ya mchoro. Mchoro unaeleza kila makazi yatakuwa na nini; lakini pazia hili la bluu na mlango ule uliovunjika bawaba ni vya makazi fulani tu. Aina ni mchoro, kitu ni makazi. Mpwa wangu aliandika mchoro mmoja wa chumba, akatengeneza vyumba sita kutokana na mchoro huo, na mambo yakaanza kukaa sawa.

Neno la tatu, kurithi, ndilo linalowapoteza wengi, na nina hakika Kiingereza kimechangia. Mwanafunzi akisikia kurithi hufikiria baba, mtoto na mirathi. Katika programu hakuna anayekufa wala anayegawiwa shamba. Kurithi ni kusema kwamba aina hii ni namna ya aina ile: zahanati ni kituo cha kutolea huduma za afya, hospitali nayo ni kituo cha kutolea huduma za afya, kwa hiyo yote yanayosemwa juu ya kituo yanazihusu zote mbili. Mpwa wangu, kwa kutaka kuonyesha kwamba amelielewa neno, aliandika kwamba mpangaji anarithi kutoka kwa chumba. Nilimwuliza kwa Kiswahili: je, mpangaji ni chumba? Akanitazama kama niliyetukana. "Hapana, mjomba. Mpangaji ana chumba." Alikuwa amelitambua kosa lake kabla hajamaliza kusema, akafuta mstari.

Naomba walimu walitafakari tukio hilo dogo. Lugha yetu inazo silabi mbili fupi mno, ni na na, na tofauti kati yao hutenganisha programu nzuri na mbaya. Mpangaji ni mtu. Mpangaji ana chumba. Mtoto wa darasa la kwanza hakosei hapo. Kijana wa chuo kikuu alikosea kwa sababu alikuwa akifikiri katika lugha ambayo ndani yake hakuwa akifikiri, alikuwa akikumbuka.

Nilidhani kazi imekwisha. Kijana naye alidhani hivyo. Alikuwa na mpangaji, alikuwa na chumba, alikuwa na kitu alichokiita deni, na kila siku programu ingehesabu nani amewasha nini na anadaiwa kiasi gani, mpaka senti. Akawakusanya wapangaji ukumbini awaonyeshe kompyuta yake ya mkononi aliyoinunua Kariakoo ikiwa imekwisha kutumika. Walitazama kwa heshima. Kisha mzee wa chumba cha mwisho, mwalimu mstaafu, akasema maneno ambayo nimeyakumbuka mara nyingi tangu siku ile: "Mwanangu, umeandika vizuri. Lakini katika nyumba hii hakuna deni. Kuna zamu."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka yote nyumba ile ilikuwa ikinunua umeme kwa zamu. Chumba hiki kikinunua leo, tokeni ikiisha hununua kinachofuata. Mwenye friji, kwa kujijua, zamu yake ikifika hununua wa shilingi elfu kumi. Mlinzi anayekesha kazini hununua wa elfu tatu, na hakuna anayemsema. Fundi wa zamani, majira ya harusi alipokuwa na nguo nyingi, alichukua zamu mbili mfululizo bila kuombwa. Mwenye msiba hurukwa, na zamu yake hushikwa na jirani, naye huilipa baadaye. Ugomvi haukuwa umeletwa na friji wala pasi. Ulianza binti mmoja alipoondoka ghafla, zamu yake ikabaki hewani, na kila mmoja akadhani ni ya mwingine.

Kijana hakuwa amelisikia neno zamu kwa sababu hakuwa ameuliza. Aliingia na jina lake alilolikuta kitabuni, deni, kutoka katika mfano wa benki, akawavika jina hilo majirani zake. Programu ile kama ingetumika, watu waliokuwa wakisaidiana wangeamka siku moja wakiwa wadaiwa na wadai, na kompyuta ingekuwa shahidi. Aliifuta karibu yote. Alipokiweka kitu kiitwacho zamu, chenye mwenyewe, tarehe, kiasi, na uwezo wa kuazimwa na kurudishwa, programu ikawa fupi, nusu ya ile ya kwanza. Inatosha kutuma ujumbe mmoja kwa chumba, "ni zamu yako," na kila chumba hujibu kwa namna yake. Hilo, kwa taarifa ya msomaji, ndilo neno la nne, lile linalotisha kuliko yote: ujumbe mmoja, majibu ya namna nyingi.

Hayo aliyoyagundua mzee yule ndiyo hasa yaliyokusudiwa na walioianzisha njia hii. Nayo haikuanzia katika jengo la lifti arobaini. Ilianzia Oslo, nchini Norway, katika kituo cha taifa cha kompyuta, ambako Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walitengeneza lugha iitwayo Simula katika miaka ya 1960, na kuikamilisha kwa sura iliyokuja kujulikana kama Simula 67. Walitaka kompyuta iige mambo ya duniani, kama foleni na shughuli za uzalishaji, ili mtu ayaelewe kabla ya kuyabadili. Dunia ilitangulia, kompyuta ikafuata. Kutokana na mbegu hiyo zikaja Smalltalk ya Alan Kay na wenzake huko California katika miaka ya 1970, C++ ya Bjarne Stroustrup aliyeanza kazi hiyo mwaka 1979, na Java mwaka 1995. Dahl na Nygaard walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili wakafariki dunia mwaka 2002.

Kuna jambo moja la Nygaard ambalo nadra kulikuta katika maelezo ya darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na vyuma cha Norway, ili wafanyakazi wa viwandani wazielewe kompyuta zilizokuwa zikiletwa kazini kwao na wawe na sauti katika jinsi zinavyotumiwa. Mtu yule yule aliyetupa njia ya vitu alikaa na mafundi wa kiwandani akiuliza wao wanaitaje wanachokifanya. Somo lake tumelipokea, lakini desturi yake hatukuipokea.

Mwaka huo wa 1967 si mgeni kwetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akionya dhidi ya elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kumfundisha kuheshimu vitabu kuliko maarifa ya wazee waliomlea. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Sisemi kwamba Oslo na Dar es Salaam zilikuwa zikiwasiliana kuhusu jambo hili. Nasema kwamba kijana wetu anayefundishwa njia ya vitu kwa kukariri amepoteza urithi wa pande zote mbili kwa mara moja.

Kompyuta nchini kwetu si jambo la jana. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na vijana wa siku hizi huicheka hatua hiyo kwa urahisi. Ilitugharimu, hilo halina ubishi: miaka ambayo Smalltalk na C++ zilikuwa zikizaliwa, sisi tulikuwa nje ya mlango. Lakini sababu zake mojawapo ilikuwa mashine zilizoletwa kabla ya watu wa kuzimudu na kabla ya kuulizwa zitafanya kazi ya nani. Marufuku imekwisha zamani. Kule kuleta kitu kabla ya kuuliza bado kunaendelea, safari hii katika madaftari.

Wako watakaosema kwamba tatizo ni lugha, na kwamba Kiswahili hakina maneno ya somo hili. Hiyo ni kasumba, na wa kwanza kuicheka wangekuwa walimu wa Kiswahili. Lugha yenye ngeli imekuwa ikipanga vitu kwa aina tangu mababu. Tunasema kiti kimevunjika, mti umevunjika, mayai yamevunjika. Tendo ni moja, na kila kitu hulipokea kwa namna ya ngeli yake. Chukua neno kiboko. Kiboko kimevunjika, nawe unajua ni fimbo ya kuchapia. Kiboko amevunja uzio, nawe unajua ni mnyama, na unakimbia. Jina ni lile lile, lakini tunakitambua kitu kwa namna kinavyotenda. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaposhindwa kuelewa kwamba kompyuta inaweza kukitambua kitu kwa matendo yake kuliko kwa jina lake, ni kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba analijua jambo hilo tangu akiwa na umri wa miaka mitatu. Mfano huu una mipaka yake, nakiri: ngeli tumezikuta, aina za programu hutungwa. Lakini ni mlango mzuri zaidi wa kuingilia kuliko lifti.

Wala si kweli kwamba hatujajaribu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno yote ya kioo kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Ila ilikigusa Kiswahili cha usoni mwa programu. Fikra za ndani zilikuwa zimekwisha kuamuliwa kwingine. Mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hukumu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sioni kwa nini maelezo ya mfumo wa zahanati, yale yanayoandikwa kabla ya kugusa kompyuta, yasiandikwe kwa lugha anayoizungumza mhudumu wa zahanati. Maneno ya amri ya Java yabaki ya Kiingereza, hayamdhuru mtu, nayo ni machache. Kinachodhuru ni kufikiri kwa maneno ya kuazima.

Msomaji aliye ofisini anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya vijana na zamu zao za umeme. Hapana. Vijana hawa ndio watakaoandika, na wengine wanaandika sasa, mifumo ya mishahara, ya matokeo ya mitihani, ya dawa na ya ardhi. Kosa la jina lililofanywa ndani ya mfumo siku ya kwanza hukaa humo miaka. Walimu wanalijua suala la majina matatu. Fomu iliyotungwa kwa fikra za kwingine hudai jina la kwanza, la kati na la ukoo, na mtoto ambaye kwao hujulikana kwa jina lake na la baba yake hutafutiwa la tatu papo hapo. Shule ya msingi anapewa la babu, sekondari anapewa la ukoo, na akifika kazini anaambiwa kwamba yeye ni watu wawili na aende kuapa. Kosa hilo halikufanywa na mtoto, wala na karani. Lilifanywa na mtu aliyechora aina iitwayo mtu bila kumwuliza mtu.

Kinyume chake pia kipo, na tukitaje kwa fahari. Mfumo wa Serikali wa kupokea malipo, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017, ni kazi ya wataalamu wetu wenyewe. Ukiutazama kwa jicho la mwanafunzi, nguvu yake imo katika kitu kimoja kilichochaguliwa vizuri: ankara yenye namba yake. Iwe ni ada, faini au kodi ya ardhi, mlipaji hukutana na kitu kile kile chenye namba, na benki au simu haihitaji kujua mambo ya ndani ya taasisi inayodai. Vivyo hivyo katika afya: mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kuandikwa kwa Java, unatumika Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya afya, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuujenga na kuuenea nchini. Lakini kabla yake palikuwapo vitabu vya MTUHA, vyenye safu na majina ambayo wauguzi waliyajua kwa miaka mingi. Anayetaka kujua ni vitu gani vimo katika zahanati aanze na kitabu hicho, na muuguzi akiwa pembeni yake.

Sasa natamka ninachokitaka. Kila mwaka wanafunzi wa kompyuta hutakiwa kufanya mradi kabla ya kuhitimu, na wengi hutengeneza mfumo wa maktaba au wa hoteli ambao hakuna maktaba wala hoteli iliyouomba. Walimu wa vyuo wakatae miradi hiyo. Mwanafunzi alete kwanza maelezo ya Kiswahili ya kazi ya mahali fulani panapojulikana, soko la Magomeni, masjala ya kata, chama cha kuweka na kukopa cha walimu, yenye majina ya vitu kama wenyewe wanavyoviita, na mwenye kazi hiyo ayasome maelezo na kuyakubali kabla mstari mmoja wa programu haujaandikwa. Mtihani nao ubadilike. Mwanafunzi apewe ukurasa mmoja wa habari za kazi halisi, aambiwe avitafute vitu vilivyomo na aeleze kwa nini amevichagua hivyo. Atakayekariri hatakuwa na la kukariri.

Na watumishi wa umma nao wafungue milango. Najua kijana mwenye barua ya chuo akifika ofisini huonekana usumbufu. Huambiwa arudi kesho, au hupewa kazi ya kupiga fotokopi. Mpeni karani mzoefu kwa siku mbili. Zipo siri za Serikali, nakubali, lakini namna jalada linavyotembea kutoka chumba namba 4 kwenda chumba namba 9 si siri ya Serikali, na kijana akiielewa leo huenda mkaepushwa na mfumo mbovu miaka kumi ijayo.

Nyumba ile ya Mapipa sasa ina utulivu. Programu inatumika, mama wa chumba cha mbele ndiye anayeuliza kila jioni ni zamu ya nani, ingawa mzee mwalimu bado anaziandika zamu katika daftari lake, kwa usalama, na mara mbili daftari limekuwa sahihi kuliko kompyuta. Mpwa wangu ana mtihani mwishoni mwa mwezi huu. Jumapili iliyopita alivuka Jangwani kwa basi la mwendokasi kuja kunisalimu, na tulipokuwa tukila akaniuliza: "Mjomba, nikiulizwa maana ya kusitiri niandike ile ya kitabu au ile ya hodi?"

Nilimwambia aandike ya kitabu, kwa sababu anahitaji alama. Tangu nilipompa jibu hilo sina raha.